Kibodi ya Ghorofa ya Tatu

Taa ya buluu haipepesi tena. Imetulia
kama jicho la aliyekwisha kumwona anayemtafuta.
Na ukurasa wangu mweupe.

Nimebadilisha betri mara mbili:
kwanza zile za saa ya ukutani
(sasa jikoni kwangu ni saa nne daima),
kisha mpya, lari nne, dukani kwa Mzia.
Nimezima, nimehesabu hadi ishirini, nimewasha.
Nimesugua vitufe kwa pamba na chacha,
pombe ya zabibu aliyoiacha marehemu,
na funda moja nikajipa mwenyewe, la uchunguzi.
Wapi.
Kumpigia mbuzi gitaa.

Mimi Tsiuri, mhasibu wa kiwanda cha hariri, Kutaisi,
miaka thelathini na mmoja,
sijapata kushindwa na kitu chenye vitufe.
Basi nikaandika vivyo hivyo, kwa hasira,
nikidhani herufi zimekwama njiani
na zitafika zikipenda.

*Waheshimiwa wa Manispaa, dari yangu inavuja.*
*Mashine ya kufulia ya Lamara, ghorofa ya nne,*
*inaoga kuliko mwenyewe.*
*Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema watu;*
*ya Lamara mimi nayazoa kila alfajiri, kwa ndoo.*
Nikamwita kobe.
Nikamwita bomba lisilo koki.
Kisha, kwa kuwa mhasibu haachi safu ya mapato wazi,
nikaandika pia kwamba miaka ile ya giza,
umeme ulipokatika majira mazima ya baridi,
ni yeye aliyenishushia kuni
ndani ya beseni la kuogeshea mtoto,
ngazi baada ya ngazi, bila kuombwa.

Hilo nilikusudia kulifuta.
Utafuta vipi usichokiona?

Bomba la joto likagongwa kutoka juu, mara tatu.
Ndara zikashuka.
Lamara mlangoni, kishikwambi chake kaviringisha taulo
kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

"Tsiuri, kibodi umeitoa wapi?"
"Mpwa wangu kaninunulia. Ya mtumba."
"Kwa nani?"
"Kijana mmoja. Sijui."
"Kijana mmoja ni Beso wangu."

Akanigeuzia kioo.
Plamu mbichi kilo mbili,
kitunguu saumu vichwa vitatu,
Waheshimiwa wa Manispaa, dari yangu inavuja,
na kadhalika, na kadhalika, hadi kwenye kuni,
ndipo chumvi, na giligilani.

"Kobe nakubali," akasema. "Lakini hapa chini,
Kiknavelidze ina K mbili. Umeweka moja."

Nikamvutia kiti. Ningefanya nini?
Tukafungua Mipangilio, vichwa viwili, miwani moja.
Kibodi ilikuwa ikimjua yeye bado;
ukuta haukuizuia, wala ngazi, wala ugomvi wetu.
*Sahau kifaa hiki,* kishikwambi kikapendekeza
kwa adabu ya karani wa benki.

Kidole cha Lamara kikasita hewani.
"Nikikubali, kitasahau na yaliyoandikwa?"
"Hapana. Kitamsahau mwandikaji tu."
Akabonyeza.

Taa ikaanza kupepesa, mbiombio,
kama mgeni aliyeamshwa asijue kalala kwa nani.
Kishikwambi changu: kinatafuta.
Kinatafuta.
Kisha tarakimu sita,
na Lamara akazisoma kwa sauti ya bahati nasibu,
nne, moja, tisa, sufuri, sufuri, saba,
nami nikazigonga, nikapiga Ingiza
kwa nguvu ya kugonga mhuri.

Taa ikatulia.
Nikajaribu herufi moja, ya kwanza iliyonijia.
Ikatokea, nyeusi, peke yake:
K, ile iliyopungua.

Tone likaanguka ndooni.
"Ijumaa," akasema Lamara, akitazama dari.
"Fundi anakuja Ijumaa."
Amekuwa akisema Ijumaa tangu Pasaka.

Akapanda na kishikwambi chake kwapani,
hakufuta kitu,
kuni zangu zikiwa bado mle ndani,
kati ya kitunguu saumu na chumvi.